Uchaguzi wa Bunge la Uskoti wa Mei 2021: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nani alishinda?

Aliyeongoza ni SNP, Chama cha Kitaifa cha Uskoti, kwa viti 64 kati ya 129. Wingi katika bunge hilo unaanzia viti 65, kwa hiyo SNP ilikosa kiti 1 tu kuweza kutawala bila kumtegemea mtu. Mgawanyo wote ulikuwa hivi ("orodha" ni viti vya kanda vinavyojazwa kutoka orodha za vyama):

SNP: viti 64 (majimbo 62, orodha 2)
Conservative: viti 31 (majimbo 5, orodha 26)
Labour: viti 22 (majimbo 2, orodha 20)
Chama cha Kijani: viti 8 (majimbo 0, orodha 8)
Liberal Democrats: viti 4 (majimbo 4, orodha 0)

Ukiangalia namba za kwenye mabano utaona jambo ambalo taarifa nyingi za habari ziliruka. SNP ilizoa karibu majimbo yote, lakini kwenye orodha ikaambulia viti 2. Labour ilishinda majimbo mawili tu nchi nzima, na bado ikaingia bungeni na watu 22. Asiyeelewa kwa nini iko hivyo hawezi kusoma matokeo ya Uskoti, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu hesabu.

Kura zenyewe zilikuwa ngapi?

Kila mpiga kura alipewa karatasi mbili, kwa hiyo kuna hesabu mbili.

Kura za majimbo: SNP 1,291,204 (asilimia 47.7), Conservative 592,518 (21.9), Labour 584,392 (21.6), Liberal Democrats 187,816 (6.9), Kijani 34,990 (1.3).

Kura za kanda: SNP 1,094,374 (asilimia 40.3), Conservative 637,131 (23.5), Labour 485,819 (17.9), Kijani 220,324 (8.1), Liberal Democrats 137,151 (5.1), chama kipya cha Alba 44,913 (1.7).

Kura za Kijani kwenye majimbo ni chache kwa sababu chama hicho kilisimamisha wagombea katika majimbo machache sana. Nguvu zake zote kilizielekeza kwenye karatasi ya kanda. Ukichukua ile asilimia 1.3 kama kipimo cha umaarufu wake, umepotea njia.

Kwa nini karatasi mbili?

Bunge lina wabunge 129. Kati yao 73 ni wa majimbo: anayepata kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama hajafika nusu, kama ilivyo Tanzania na Kenya. Waliobaki 56 wanatoka kwenye kanda 8, kila kanda wabunge 7. Kanda hizo mwaka 2021 zilikuwa Highlands and Islands, North East Scotland, Mid Scotland and Fife, Central Scotland, West Scotland, Lothian, Glasgow na South Scotland.

Kwenye karatasi ya zambarau mpiga kura anachagua mtu wa jimbo lake. Kwenye ile ya rangi ya pichi anachagua chama (au mgombea binafsi) cha kanda. Alama ya X moja kwa kila karatasi, basi. Chama kinakuwa kimeshapanga orodha ya watu wake mapema, na mpiga kura hawezi kubadilisha mpangilio huo. Mtu mmoja anaruhusiwa kusimama jimboni na papo hapo kuwa kwenye orodha ya kanda. Akishinda jimbo, jina lake linarukwa kwenye orodha.

Viti vya kanda vinagawanywaje hasa?

Kwa mbinu ya D'Hondt, iliyopewa jina la mwanasheria Mbelgiji Victor D'Hondt. Kanuni ni moja:

kura za chama katika kanda, gawanya kwa (viti ambavyo chama kimeshapata katika kanda hiyo + 1)

Hesabu inarudiwa mara 7. Kila mara chama chenye namba kubwa zaidi kinapata kiti, na kigawanyo chake kinaongezeka kwa 1 kabla ya raundi inayofuata. Siri yote iko kwenye maneno "ambavyo chama kimeshapata": viti vya majimbo vinahesabiwa tangu raundi ya kwanza. Aliyeshiba kwenye majimbo anaanza na kigawanyo kikubwa.

Tuchukue kanda ya Glasgow, kwa sababu pale hesabu inaonekana waziwazi. Ilikuwa na majimbo 9, na SNP ikachukua yote 9. Kura za kanda za vyama vinne vikubwa zilikuwa: SNP 133,917, Labour 74,088, Conservative 37,027, Kijani 36,114. SNP inaanza na kigawanyo cha 10, inabaki na 13,392. Wengine wanaanza na 1.

Raundi ya 1: Labour, 74,088. Kigawanyo chake sasa ni 2.
Raundi ya 2: Labour tena, 37,044. Iliipita Conservative kwa tofauti ya 17.
Raundi ya 3: Conservative, 37,027.
Raundi ya 4: Kijani, 36,114.
Raundi ya 5: Labour, 24,696.
Raundi ya 6: Labour, 18,522.
Raundi ya 7: Conservative, 18,513.5.

Aliyekuwa anafuata ni Kijani mwenye 18,057. Jumla ya kanda nzima ya Glasgow, wabunge 16: SNP 9, Labour 4, Conservative 2, Kijani 1.

Kiti cha saba Glasgow kiliwaponyoka Kijani kwa kura ngapi?

Ili Kijani iishinde 18,513.5 ikiwa na kigawanyo cha 2, ilihitaji kura zaidi ya 37,027. Ilikuwa na 36,114. Zilipungua 914. Kwenye karatasi hiyohiyo ya pichi kulikuwa na chama kingine kidogo kiitwacho Independent Green Voice, kisichohusiana kabisa na Chama cha Kijani, na kilipata kura 2,210 Glasgow. Chama cha Kijani kililalamika kwamba majina hayo mawili yaliwachanganya watu. Haiwezekani kuthibitisha kura ngapi kati ya hizo zilipotea njia, maana kura ni siri, lakini kila anayepanga orodha ya vyama kwenye karatasi ya kura anapaswa kuiangalia Glasgow ya 2021 kwa makini. Kwenye raundi ya mwisho ya D'Hondt, jina linalofanana na jingine linaweza kuwa na thamani ya kiti kizima.

Kwa hiyo kura za SNP kwenye orodha zilipotea bure?

Swali hili liliulizwa kila kona, na ndilo lililokuwa msingi wa kampeni ya Alba, chama kipya cha Alex Salmond, aliyewahi kuongoza SNP. Hoja ya Alba ilikuwa kwamba wafuasi wa uhuru wa Uskoti waipe SNP kura ya jimbo na Alba kura ya kanda, kwa kuwa kura milioni 1.09 za SNP kwenye kanda zingezaa viti vichache mno. Kwenye namba walikuwa na hoja: vilipatikana viti 2, kimoja South Scotland na kimoja Highlands and Islands. Lakini Alba yenyewe, kwa asilimia 1.7, haikupata hata kimoja. Chama kinachotaka kiti cha kanda kwa kawaida kinahitaji kukaribia asilimia 5 au 6 ndani ya kanda moja. Hakuna kizingiti kilichoandikwa kwenye sheria. Kizingiti kinatokana na hesabu ya viti 7.

Ugumu wa kukisia mapema ni huu: kura ya orodha ni bima ya majimbo, na bima unajua kama uliihitaji baada ya ajali tu. Rudi Glasgow. Tuseme Labour ingeshinda jimbo 1 kati ya yale 9, kura za kanda zikabaki vilevile. Labour ingeanza na kigawanyo cha 2, ingepata viti 3 vya orodha badala ya 4, na jumla yake ingebaki 4. SNP ingeshuka hadi 8. Kiti kilichotoka SNP kingeenda kwa Kijani! Labour ingeshinda jimbo bila kuongeza mbunge hata mmoja.

Sasa tuseme Labour ingeshinda majimbo 2. SNP ingebaki na majimbo 7, kigawanyo chake 8, namba yake 16,740, na hiyo ingetosha kuchukua kiti cha saba cha orodha. Jumla ya SNP ingebaki 8. Hapo ndipo zile kura 133,917 zinazoitwa za bure zingefanya kazi.

Wabunge wa orodha ni sawa na viti maalumu vya Tanzania, au wale wa kuteuliwa wa Kenya?

Hapana, ingawa wote wanatoka kwenye orodha za vyama. Viti maalumu Tanzania ni vya wanawake, na vyama vinagawiwa kulingana na kura za ubunge, chama kikishavuka asilimia 5. Kenya, wabunge 12 wa kuteuliwa katika Bunge la Taifa hugawanywa kulingana na viti ambavyo chama kimeshinda. Katika mifumo yote miwili, aliyefanya vizuri anaongezewa. Uskoti ni kinyume chake: aliyezoa majimbo anarudishwa nyuma kwenye orodha ili bunge zima likaribiane na kura za watu. Tena mpiga kura wa Uskoti ana karatasi ya pekee kwa ajili ya orodha. Si matokeo ya pembeni ya kura ya jimbo.

Marekebisho hayo hayafiki mwisho. SNP ilikuwa na asilimia 40.3 ya kura za kanda na karibu asilimia 49.6 ya viti. Kanda zenye viti 7 vya orodha hazitoshi kusawazisha pale chama kimoja kinapochukua majimbo 9 kati ya 9.

Mtu kutoka Afrika Mashariki anayeishi Uskoti aliweza kupiga kura?

Ndiyo, wengi. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola, na wakiwa na kibali halali cha kuishi nchini wana haki hiyo. Mabadiliko makubwa yalikuja na sheria ya 2020, iliyofungua mlango kwa raia wa nchi yoyote mwenye kibali cha kuingia au kuishi Uingereza. Mkongomani, Mrundi au Mwomani anayeishi Aberdeen kwa kibali aliingia kwenye daftari kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa bunge hilo mwaka 2021, na wakimbizi waliokwisha kukubaliwa pia. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi hajapata kibali hicho, kwa hiyo bado.

Umri wa kupiga kura ni miaka 16. Wa kugombea ni 18.

Tahadhari moja ambayo watu hujikwaa nayo: haki hii haihamii kwenye uchaguzi wa Bunge la Uingereza. Huko umri ni 18, Mkongomani mwenye kibali hana kura (Mtanzania anayo), na siku hizi kitambulisho chenye picha kinadaiwa kituoni. Kwa Bunge la Uskoti kitambulisho hakidaiwi. Unataja jina na anwani yako, wanakutafuta kwenye daftari, unapewa karatasi. Mwanafunzi anaweza kuwa kwenye daftari la nyumbani na la chuoni, lakini anapiga kura mara moja tu. Kupiga mara mbili ni kosa la jinai.

Kura huharibika vipi?

Kituoni, sababu ni chache na zinajulikana: kuweka alama kwa zaidi ya mmoja, kuacha karatasi tupu, kuandika kitu kinachomtambulisha mpiga kura. Alama ya vema badala ya X haiharibu kura mradi nia inaonekana.

Kura za posta ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, na mwaka 2021, kwa sababu ya korona, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wameandikishwa kupiga kura kwa njia hiyo. Kuna bahasha mbili: ya ndani ya karatasi za kura, na ya nje inayobeba pia fomu ya kuthibitisha utambulisho. Kwenye fomu unaweka sahihi na tarehe ya kuzaliwa. Kosa linalojirudia ni mtu kuandika tarehe ya siku hiyo badala ya ile aliyozaliwa. Jingine ni sahihi isiyofanana na aliyoiweka alipoomba kura ya posta. Fomu ikikataliwa, kura iliyomo haihesabiwi kabisa. Bahasha lazima ifike kabla ya saa 4 usiku siku ya kupiga kura. Ukichelewa posta, ipeleke mwenyewe kituoni.

Somo chungu zaidi ni la 2007. Karatasi ya jimbo na ya kanda ziliunganishwa kwenye ukurasa mmoja, na siku hiyohiyo ukafanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji ambako watu walitakiwa kuandika namba 1, 2, 3 badala ya X. Takriban kura 146,000 za bunge zilikataliwa. Katika jimbo la Cunninghame North mshindi alipita kwa kura 48! Baada ya hapo karatasi zilitenganishwa tena, na chaguzi hizo mbili zikahamishiwa siku tofauti. Atakayependekeza kuunganisha chaguzi "ili kuokoa gharama" aulizwe kwanza kuhusu 2007.

Kwa nini matokeo yalichukua siku mbili?

Vituo vilifungwa Alhamisi Mei 6 saa 4 usiku. Katika chaguzi zilizotangulia kuhesabu kulianza usiku uleule, lakini kwa sababu ya masharti ya korona kazi ilifanywa mchana wa Ijumaa na Jumamosi, wahesabuji wakiwa wameachana nafasi. Zaidi ya hayo, kanda haiwezi kutangazwa mpaka majimbo yake yote yajulikane, maana vigawanyo vinayategemea. Jioni ya Ijumaa ilikuwa rahisi kudhani SNP inaelekea kwenye wingi. Majimbo ndiyo yaliyotangulia, na majimbo ndiyo nguvu yake.

Waliojitokeza walikuwa asilimia 63.5, kiwango cha juu kuliko chaguzi zote tano zilizotangulia tangu 1999. Mwaka 2016 walikuwa karibu asilimia 56.

Kile kiti kimoja SNP ilikikosa wapi?

Kinachotajwa mara nyingi ni Dumbarton, ambako Jackie Baillie wa Labour alibaki na kiti chake kwa tofauti ya kura 1,483. Mwaka 2016 tofauti yake ilikuwa 109. SNP ilikuwa imenyakua Ayr, East Lothian na Edinburgh Central, lakini Dumbarton haikuipata. Wengi walioipinga SNP walionekana kumpigia yeyote mwenye nafasi ya kuizuia, kila jimbo kwa mgombea wake.

Serikali iliundwaje bila wingi?

Bunge lina siku 28 kumchagua Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Uskoti. Nicola Sturgeon wa SNP alipata kura 64, Douglas Ross wa Conservative 31 na Willie Rennie wa Liberal Democrats 4. Labour na Kijani hawakumpigia yeyote.

Spika naye ana uzito katika hesabu. Alichaguliwa Alison Johnstone wa Kijani, na kwa desturi akajitoa chamani. Kijani ikabaki na 7, wapiga kura bungeni wakawa 128, na SNP na wapinzani wote wakawa 64 kwa 64. Agosti 2021 SNP na Kijani walitia saini makubaliano ya ushirikiano yaliyodumu hadi Aprili 2024. Yalipovunjika, Humza Yousaf, aliyempokea Sturgeon mwaka 2023 na ambaye mama yake alizaliwa Nairobi, alijiuzulu, na John Swinney akashika nafasi yake.

Liberal Democrats walipata hasara ya kimyakimya: chini ya wabunge 5, chama hakina kiti kwenye kamati inayopanga ratiba ya bunge.

Je, matokeo yalikuwa idhini ya kura ya maoni kuhusu uhuru?

Kwa viti, vyama vya uhuru (SNP na Kijani) vilikuwa na 72 dhidi ya 57. Kwa kura, SNP na Kijani walikuwa na asilimia 49.0 kwenye majimbo. Ukijumlisha na Alba kwenye kanda, 50.1. Kila upande ulichukua namba iliyoupendeza. Kisheria, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Novemba 23, 2022 kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kutunga sheria ya kura hiyo bila ridhaa ya London.

Msomaji wa Zanzibar atauelewa mpaka huu haraka: afya, elimu, polisi na mahakama ni vya Edinburgh, yalipo makao ya Bunge la Uskoti. Ulinzi, mambo ya nje na uhamiaji ni vya London. Anayetaka sheria za viza zibadilike hatazibadilisha kupitia Bunge la Uskoti.

Mbunge akifariki au kujiuzulu?

Wa jimbo, unaitishwa uchaguzi mdogo. Katika bunge la 2021 ulifanyika mmoja, Hamilton, Larkhall and Stonehouse, Juni 5, 2025, na Labour ikaichukua nafasi iliyokuwa ya SNP. Viti vya orodha havikuhesabiwa upya kwa sababu hiyo, hata kama vigawanyo vimebadilika. Wa orodha akiondoka, anaingia anayefuata kwenye orodha ya chama chake bila kura yoyote kupigwa. Aliyekuwa mgombea binafsi akiondoka, kiti kinabaki wazi.

Naweza kulinganisha jimbo langu la 2021 na uchaguzi unaofuata?

Kwa kanda na majimbo mengi, si moja kwa moja. Idadi imebaki 73 na 56, lakini mipaka ilichorwa upya kwa ajili ya uchaguzi wa Mei 7, 2026. Jimbo linaweza kuwa na jina lilelile huku kata zake zikiwa zimehamishwa. Tumia makadirio ya matokeo ya 2021 yaliyokokotolewa kwa mipaka mipya, na kila unapoona "ongezeko" au "punguzo" la asilimia, angalia kwanza limepimwa kwa mipaka ipi na kwa karatasi ipi, ya jimbo au ya kanda.